Magari 93 kwa Dola 150,000: Kwa Nini Toleo la Mamilioni Halikufua Dafu

Kila inapotangazwa kwamba filamu fulani ya zamani ya kufukuzana magari itatengenezwa upya, ubishi unaozuka ni uleule. Mmoja anasema toleo jipya litakuwa kali zaidi kwa sababu siku hizi kuna pesa na kompyuta. Mwingine anajibu kwamba matoleo mapya yote ni takataka. Wa tatu anakuja na takwimu: iliingiza dola milioni mia mbili na ushee, mnaiitaje mbovu? Wa nne naye ameshasikia kwamba kampuni ilikula hasara. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ndiyo maana hakuna anayekubali kushindwa.

Nitaufungua ubishi huu kwa kutumia filamu moja, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu tunachobishania: Gone in 60 Seconds. Wengi wetu tunaijua ile ya mwaka 2000, ya Nicolas Cage na Angelina Jolie. Mimi niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, mabenchi yamebanana, jenereta inanguruma nje. Pembeni yangu alikaa fundi wa magari, ovaroli lake bado lina grisi. Ilipofika pale gari linaporuka juu ya foleni darajani, kibanda kizima kililipuka kwa kelele. Yeye alitikisa kichwa, akasema taratibu, "Hiyo shokomzoba gani?"

Miaka mingi baadaye ndipo nilipoiona ile ya kwanza, ya mwaka 1974, nikaelewa yule fundi alikuwa akitafuta nini asikione.

Kwanza tuelewane maneno. Toleo jipya ni pale hadithi ileile, au walau jina lilelile, inapotengenezwa tena kuanzia mwanzo na watu wengine. Si mwendelezo, maana mwendelezo unaanzia pale hadithi ya kwanza ilipoishia. Bajeti ya utengenezaji ni gharama ya kuipiga filamu na kuimalizia mpaka iwe tayari kuonyeshwa, matangazo hayamo. Mapato ya mlangoni ni pesa zote ambazo watazamaji wamelipia tiketi kwenye kumbi za sinema. Hilo la mwisho liweke akilini, maana tutalirudia, na ndipo wengi wanapoteleza.

Mwenye yadi ya magari

H. B. Halicki hakuwa mtu wa Hollywood. Alikuwa mfanyabiashara wa magari huko kusini mwa California, mtu wa gereji, wa kukokota magari mabovu na yadi ya chakavu. Filamu ya 1974 aliiandika yeye, akaiongoza yeye, akaitafutia pesa yeye, akaigiza kama stelingi, na usukani akaushika mwenyewe. Wengi wa waigizaji walikuwa ndugu na marafiki zake. Meya wa mji wa Carson aliigiza kama meya wa Carson. Magari ya polisi yalikuwa yale yaliyokwisha kazi, ambayo Halicki aliyanunua mnadani kwa bei ya kutupa. Bajeti yote inatajwa kuwa kama dola 150,000.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Genge linapewa oda ya magari 48, na gumu kuliko yote ni Ford Mustang ya njano ambayo kwa jina la siri inaitwa Eleanor. Sitakudanganya kwamba nusu ya kwanza ni tamu. Mazungumzo yamepwaya, sauti zinapishana na midomo, na uigizaji ni wa watu wasio waigizaji. Halafu Mustang inaibwa, polisi wanaiona, na kwa dakika zipatazo 40 mpaka karibu na mwisho hakuna kingine isipokuwa gari moja na kundi la magari nyuma yake, mji hadi mji. Filamu inapokwisha, magari 93 yameharibiwa.

Itazame sehemu moja kwa makini. Mustang inaacha barabara kuu ikiwa kwenye kasi ya kama kilomita 160 kwa saa. Gari jingine linaigusa nyuma, mguso mdogo tu ambao haukupangwa na mtu. Mustang inapoteza mwelekeo, inajizungusha, inakwenda kuikumba nguzo ya taa na kuilaza chini. Ilikuwa ajali ya kweli na Halicki aliumia. Inasimuliwa kwamba alipozinduka, swali lake la kwanza lilikuwa kama kamera zimenasa. Zilikuwa zimenasa, na ajali ile imo ndani ya filamu mpaka leo.

Karibu na mwisho analirusha gari umbali wa mita 39 hivi, juu kiasi cha mita 9. Unaliona likipaa, unaliona likitua, unaona jinsi chuma kinavyopokea ule uzito. Halicki aliumia uti wa mgongo katika mruko huo.

Kinachozifanya dakika 40 zile zisichoshe ni kwamba hakuna kinachofutika. Bodi ikibonyea, inabaki imebonyea. Taa ikivunjika, haiponi ukipepesa macho. Kila kosa la dereva limeandikwa kwenye gari, na mtazamaji anasoma maandishi hayo huku akijiuliza kama gari litafika. Halicki hakujifunza hilo darasani. Hakuwa na mastaa, hakuwa na waandishi wakubwa, alikuwa na magari. Akapika alichokuwa nacho jikoni.

Sahani kwa kila mgeni

Toleo la 2000 lilitengenezwa na mzalishaji Jerry Bruckheimer chini ya Touchstone, kampuni ya Disney, likiongozwa na Dominic Sena. Safari hii mwizi mstaafu anayeitwa Memphis Raines anapewa saa 72 tu kuiba magari 50, la sivyo mdogo wake atauawa. Kwa kweli ni wazo zuri kuliko la kwanza: saa inakwenda, damu ya ndugu iko rehani, orodha ni ndefu.

Sasa angalia muda wa filamu unakwenda wapi. Kuna mdogo mtu na makosa yake. Kuna mpenzi wa zamani. Kuna mpelelezi mwenye kinyongo, jambazi mkuu mwenye vitisho, na kikosi cha wazee wa kazi kinachokusanywa mmoja mmoja. Eleanor, ambayo sasa ni Mustang ya kijivu ya mwaka 1967, inaachwa mpaka mwisho, na kufukuzana kwake ni kufupi mno ukikulinganisha na kule kwa Halicki.

Watu husema waandishi walikuwa wavivu. Sidhani. Filamu inayogharimu zaidi ya dola milioni 100 haiwezi kuishi kwa tiketi za wapenda magari peke yao. Lazima imvute na mpenda mapenzi, na mpenda vichekesho, na yule anayekwenda kwa sababu ya Jolie tu. Ni kama karamu ya wageni mia: huwezi kupika pilau lenye pilipili kali unayoipenda wewe, maana kuna watoto, kuna wazee, kuna mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Unapunguza hapa, unapunguza pale, na mwisho kila mtu ameshiba na hakuna aliyelamba vidole.

Jambo la pili ni bima. Staa wa kiwango cha Cage ni mtaji unaotembea. Akivunjika mkono, mamia ya watu wanakaa bila kazi huku gharama zikiendelea kupanda. Wanaoikatia filamu bima wanajua hilo, hivyo vipande vya hatari kweli hupewa madereva maalumu wa kazi hiyo, na staa hupigwa picha za karibu katika mazingira yanayodhibitiwa. Ni uamuzi wa busara na sina ugomvi nao. Lakini mhariri atapewa kazi ya kuunganisha mikono kwenye usukani, uso wa staa, mguu kwenye pedeli, tairi linalotoa moshi, kisha gari kwa mbali likiendeshwa na mtu mwingine.

Hebu fikiria unaonyeshwa goli kwa namna hiyo: mguu, uso wa kipa, wavu unatikisika. Utajua kwamba ni goli, lakini mpira hukuuona ukisafiri. Raha ya goli iko katika ile sekunde moja mpira uko hewani na hakuna ajuaye.

Ndiyo maana filamu ya Bullitt ya mwaka 1968 bado inatajwa. Kufukuzana kwake katika vilima vya San Francisco ni kwa karibu dakika 11, na mbio zinapoanza kweli muziki unanyamaza. Unabaki na injini, giya na matairi. Unajua nani yuko mbele, nani yuko nyuma, mtaa unashuka wapi. Ina makosa ambayo mtoto anaweza kuyaona: Volkswagen moja ya kijani inapitwa mara kadhaa, na gari la majambazi linadondosha vifuniko vya magurudumu zaidi ya vinne. Hakuna anayejali. Mhariri wake, Frank P. Keller, alipata tuzo ya Oscar.

Je, kompyuta ndiyo mchawi?

Hii ndiyo imani iliyoenea kuliko zote, na imekosea mahali padogo lakini muhimu. Mruko wa darajani katika toleo la 2000, kwenye daraja la Vincent Thomas huko Los Angeles, ulikamilishwa kwa kompyuta, na ndio uliomfanya yule fundi atikise kichwa. Gari lenye injini mbele likiwa hewani pua yake hutaka kutangulia kushuka; wataalamu wa kurusha magari huweka uzito kwenye buti ili kulisawazisha. Macho yetu yanalijua jambo hili hata kama hatujui kulieleza. Tumeona magari yakipiga matuta maisha yetu yote. Likielea kama karatasi na kutua bila maumivu, mwili unakataa kabla akili haijasema neno.

Lakini chukua Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015. Ilipigwa kwa sehemu kubwa katika jangwa la Namibia, iligharimu zaidi ya dola milioni 100, na kompyuta imetumika humo kwa wingi: kufuta nyaya za usalama, kubadilisha anga, kuongeza dhoruba ya mchanga. Ilipata Oscar 6, mojawapo ikiwa ya uhariri wa Margaret Sixel. Tofauti ni kwamba magari yale yaliundwa kweli, yaliendeshwa kweli na mengi yalipinduliwa kweli. Mwongozaji wake, George Miller, na wenzake pia waliweka jambo muhimu katikati ya picha kila mara, ili picha zinapobadilika haraka jicho lisihangaike kutafuta. Kompyuta ilipewa kazi ya kusafisha na kupamba kilichotokea, na uzito wenyewe ulitoka jangwani.

Kwa hiyo swali la kuuliza kuhusu toleo lolote jipya ni hili: wameipa kompyuta kazi gani?

Kuna imani nyingine inayonisumbua zaidi, ile ya kwamba wazee walikuwa wanaume kweli na sinema imekufa kwa sababu ya woga. Halicki alifariki tarehe 20 Agosti 1989 katika jimbo la New York, akitengeneza filamu ya pili ya jina lilelile. Walikuwa wakiandaa tukio la kuangusha mnara wa maji. Waya mnene uliofungwa kwenye mnara ulikatika, ukakata nguzo ya simu, nguzo ikamwangukia. Alikuwa ameoa miezi michache tu kabla. Mjane wake, Denice, alipambana kwa miaka mahakamani kupata haki za filamu za mumewe, na ni kwa ruhusa yake toleo la 2000 likawezekana.

Ninaipenda filamu ya 1974, lakini siwezi kuitumia kumdharau anayevaa mkanda na kukata bima. Hata ile ajali ya nguzo ya taa, ninapoitazama, mwili unanisisimka kwa furaha na kwa uchungu kwa pamoja. Mbio nzuri hazihitaji mtu aumie. Zinahitaji mtazamaji aone kitu chenye uzito kikisafiri kutoka hapa hadi pale bila kudanganywa, na hilo linawezekana kwa usalama. Linataka muda, mazoezi na mwongozaji anayeling'ang'ania. Pesa zikienda huko, zinaonekana.

Pesa zilikwenda wapi?

Tuje kwenye takwimu. Toleo la 2000 lilipoanza kuonyeshwa Marekani mwezi Juni lilishika nafasi ya kwanza wiki hiyo, ingawa wahakiki wengi waliliponda. Duniani kote mapato ya mlangoni yalifika kama dola milioni 242. Gharama ya kulitengeneza ilikuwa milioni 103.3. Kwa hesabu ya haraka utasema faida ni milioni 139, na utakuwa umepotea njia.

Mfikirie mkulima wa Ilula anayepeleka matenga ya nyanya Dar es Salaam. Jioni ukijumlisha pesa zote ambazo wanunuzi wamezitoa gengeni, fungu kwa fungu, utapata donge nono. Lakini mwenye genge ana chake, dalali ana chake, kuna ushuru, kuna lori, kuna wapakiaji. Kinachobaki ndicho kinachorudi Ilula, na hukohuko kinasubiriwa na deni la mbegu, mbolea, dawa na vibarua. Mapato ya mlangoni ni pesa za gengeni. Bajeti ni mbegu na mbolea. Anayetoa moja kwenye nyingine ameruka barabara nzima ya katikati.

Barabara hiyo, kwa filamu hii, inajulikana, kwa sababu mwandishi wa Marekani Edward Jay Epstein alizichapisha hesabu zake miaka michache baadaye. Kati ya zile milioni 242, kumbi za sinema zilibakiza milioni 129.8. Baada ya makato, kampuni ya usambazaji ya Disney ilibaki na milioni 101.6. Toa milioni 13 za kuchapa nakala, maana enzi hizo filamu ilisafiri kama mikanda mizito iliyopelekwa ukumbi kwa ukumbi. Toa milioni 10.2 za bima, kodi, forodha na mambo kama hayo. Toa milioni 67.4 za matangazo. Zinabaki milioni 11. Na hapo zile milioni 103.3 za kuitengeneza hazijarudishwa hata senti moja.

Matangazo peke yake, milioni 67.4. Kila nikiisoma tarakimu hiyo huikumbuka bajeti ya Halicki. Kwa pesa za kuitangaza tu filamu ya pili, ya kwanza ingetengenezwa zaidi ya mara 400, ukiacha kwamba dola ya 1974 ilikuwa na thamani kubwa zaidi.

Ina maana kampuni ilifilisika? Hapana. Kumbi za sinema ni mwanzo wa mavuno. Baadaye huja video, DVD, televisheni na haki za kuonyesha nchi hadi nchi, na pesa hizo huingia kwa miaka mingi. Ndiyo maana watu wa biashara hii hukadiria kwamba filamu kubwa inataka mapato ya mlangoni ya mara mbili hadi mbili na nusu ya bajeti yake ndipo waanze kupumua, na hata hivyo, kama ulivyoona, mara mbili na kitu inaweza kuacha milioni 11 tu mezani. Kwa hiyo yule mbishi wa tatu na yule wa nne wote walikuwa na hoja. Filamu ilivuta watu wengi sana, na bado kwenye kumbi haikurudisha gharama zake.

Na yule anayesema kila toleo jipya ni takataka? Mpe The Italian Job ya mwaka 2003, toleo jipya la filamu ya Uingereza ya 1969. Walihitaji magari madogo aina ya Mini yapite kwenye mahandaki ya treni ya chini ya ardhi ya Los Angeles, ambako magari ya petroli hayakuruhusiwa. Wakaundiwa Mini tatu za umeme, zikapita kweli. Hapo pesa ilinunua njia ya kulifanya jambo litokee mbele ya kamera, na filamu ikapokelewa vizuri.

Kilichodumu katika toleo la Cage ni sura ya gari. Ile Mustang ya kijivu imeigwa na mafundi wengi, na mwaka 2013 mojawapo ya zilizotumika kwenye filamu iliuzwa mnadani Indianapolis kwa dola milioni 1. Ugomvi juu ya nani anamiliki Eleanor ulidumu miaka mahakamani, hadi Mei 2025 mahakama ya rufaa ya Marekani ilipoamua kwamba Eleanor si mhusika anayelindwa na hakimiliki. Watu wanaipenda mno ikiwa imepaki, imepigwa polishi, taa za maonyesho zikicheza juu ya boneti.

Katika ile ya 1974, mbio zinaishia kwenye kituo cha kuoshea magari. Mwizi anaingiza Mustang yake ya njano, bodi imebondeka, chuma kinaning'inia. Mbele yake anaiona nyingine ya njano, pacha wake, inaoshwa, safi kama imetoka kiwandani. Anaondoka na ile safi. Kila nikifika hapo, macho yangu hubaki kwa ile nyingine.